Kuifuata hadithi ya Metal Gear tangu 1987: shajara ya mradi

6 Januari 2024: Mpango wa kwanza umevunjika

Mimi na mdogo wangu tumeamua kuicheza na kuielewa hadithi nzima ya Metal Gear, mfululizo wa gemu za video za kijasusi, kuanzia gemu ya 1987 hadi The Phantom Pain ya 2015. Nitaandika kila hatua inapokamilika ili atakayetaka kupita njia hii apite kwa urahisi kuliko sisi. Kila sehemu itafichua siri za gemu inayozungumziwa na zilizotangulia tu, kwa hiyo ukifika mahali hujacheza, simama hapo urudi baadaye.

Desemba tulianza kwa kufuata miaka ya ndani ya hadithi, na kwenye karatasi mpango ulipendeza: Metal Gear Solid 3 inatokea 1964, Peace Walker 1974, Ground Zeroes 1975, The Phantom Pain 1984, Metal Gear ya kwanza 1995, kisha nyingine hadi 2014. Kwa kuwa Ground Zeroes na The Phantom Pain tayari tulikuwa nazo kwenye kompyuta (tulizinunua kwa punguzo, ya pili inakula kama GB 28, yaani bando la usiku mfululizo), tukaanzia hizo kwa ahadi ya kuziba mapengo baadaye.

Mapengo hayakuzibika. The Phantom Pain inaanzia hospitalini Kupro: mtu anazinduka baada ya miaka 9 ya kupoteza fahamu, anaitwa Big Boss, na kila anayemwona anamtazama kama aliyefufuka. Halafu anakuja jitu linalowaka moto, na mtoto aliyevaa barakoa ya gesi anaelea hewani. Mdogo wangu akauliza, "Kaka, hawa ni wa gemu ipi?" Sikuwa na jibu. Gemu inadhani umeshaishi na watu hawa kwa muda mrefu, haijisumbui kukutambulisha.

Mpango mpya: tunafuata miaka ya kutoka sokoni, siyo miaka ya hadithi.

20 Januari 2024: Vifaa

Master Collection Vol. 1, iliyotoka Oktoba 2023, ina gemu mbili za mwanzo, za kompyuta ya zamani ya MSX2, pamoja na Metal Gear Solid ya 1, 2 na 3. Bei yake kamili ni dola 60, kama shilingi 150,000 na kidogo. Tunayo kwenye kompyuta. Metal Gear Solid 4 ya 2008 ilitengenezewa PS3 (PlayStation 3), kwa hiyo tunatafuta PS3 iliyotumika.

Daftari: kaunta ya kawaida, kila mwaka wa hadithi na ukurasa wake. Tunaandika tukio, mahali na waliohusika.

11 Februari 2024: Metal Gear (1987)

Imekwisha. Hideo Kojima aliitengenezea kompyuta ya MSX2, ambayo haikuwa na nguvu ya kuonyesha maadui wengi na risasi nyingi kwa pamoja, na ndiyo maana akatengeneza gemu ya kujificha badala ya kupigana. Solid Snake, askari mpya wa kikosi cha FOXHOUND, anatumwa Outer Heaven, ngome iliyowekwa Afrika Kusini, kumtafuta mwenzake Gray Fox na kuharibu kifaru kinachotembea kwa miguu na kurusha nyuklia. Mkubwa wake kwenye redio ni Big Boss.

Tulikwama pakubwa mahali pamoja. Kuna maadui wawili wa chuma ambao hawadhuriki kwa silaha nyingine isipokuwa roketi, na kirusha roketi unakipata kwa msaada wa mwanamke anayeitwa Jennifer. Kila tukimpigia redioni, kimya. Tulibadilisha masafa na vyumba, tukadhani programu ina hitilafu. Kumbe Jennifer hamjibu askari mwenye nyota chini ya nne. Nyota zinaongezeka kwa kuokoa mateka, na ukimpiga mateka risasi zinashuka. Mdogo wangu alikuwa amempiga mmoja kwa bahati mbaya mapema kabisa. Tulirudi nyuma kwenye nakala ya zamani tuliyohifadhi, tukaokoa watu upya, na Jennifer akajibu mara ya kwanza. Kwa hiyo hifadhi nakala zaidi ya moja, na ukiingia chumba chenye mtu aliyefungwa, toa kidole kwenye kitufe cha bunduki.

Mwishoni Big Boss mwenyewe anapiga redio na kukuamuru uzime MSX. Ni 1987, na gemu inamsemesha aliyeshika kibodi. Dakika chache baadaye unakuta kiongozi wa Outer Heaven ni huyo huyo aliyekutuma. Daftarini, ukurasa wa 1995, tukaandika kwa kalamu ya bluu: *Big Boss anauawa Outer Heaven.*

9 Machi 2024: Metal Gear 2: Solid Snake (1990)

Hapa kuna kitu kitakachomchangamsha msomaji wa huku kwetu: nchi ya adui inaitwa Zanzibar Land. Haihusiani na Unguja wala Pemba. Ramani ya gemu inaiweka Asia ya Kati, jirani na Afghanistan na Umoja wa Kisovyeti, na kinachogombewa ni mwanasayansi wa Kicheki aliyegundua kijidudu cha kutengeneza mafuta ya petroli. Ni mwisho wa 1999, na dunia ina njaa ya mafuta. Anayeitawala nchi hiyo ni Big Boss.

Ndiyo, yule tuliyemuua ukurasa uliopita. Gemu inasema alinusurika, basi. Tukaweka alama ya kuuliza pembeni tukaendelea, na ninawashauri mfanye vivyo hivyo.

Kwa kucheza, hii imetuzidi akili mara nyingi kuliko zote. Mfungwa anagonga ukuta kwa mpangilio, na kila kundi la milio ni herufi au tarakimu, lakini jedwali la kutafsiri lipo kwenye kitabu cha maelezo, siyo ndani ya gemu. Wenye mkusanyo mpya wafungue kurasa za kitabu kwenye menyu kabla ya kuanza. Kuna pia yai la bundi: unalibeba mpaka linaanguliwa, bundi analia, mlinzi anadhani usiku umeingia, anazima uzio unaozuia njia. Hilo tulilisoma kwenye mwongozo wa mtu. Sioni aibu kuutumia mwongozo hapa, hadithi ndiyo tuliyoifuata.

Kumbuka majina mawili: Gray Fox, anayekufa mikononi mwako kwenye uwanja wa mabomu ya ardhini, na Master Miller, mwalimu wako kwenye redio.

14 Aprili 2024: Metal Gear Solid (1998), na daftari jipya

Daftari letu la miaka limekufa kwenye gemu hii.

Kisiwa cha Shadow Moses, Alaska, 2005. FOXHOUND wenyewe wameasi wakiongozwa na Liquid Snake, pacha wa Solid. Wote wawili ni nakala za Big Boss zilizotengenezwa kwa mradi wa 1972. Kucheza kwenyewe ni raha tupu. Nakala yetu haina kasha la diski, na masafa ya redio ya Meryl, askari anayetusaidia, yameandikwa nyuma ya kasha. Mkusanyo unakuruhusu kulitazama kasha hilo kwenye kioo: 140.15. Psycho Mantis, mmoja wa waasi, anayesoma kila unachobonyeza, hapigiki mpaka pedi ihamie tundu la pili, na menyu ya mkusanyo ina sehemu ya kubadilisha tundu. Hayo mawili yakikusumbua, dawa ni hiyo.

Tatizo lilikuwa kuandika. Tuliandika kwamba mkuu wa idara ya utafiti wa silaha ametupatia siri kabla ya kufa: kumbe alikuwa adui aliyejigeuza sura yake. Tukaandika kwamba Miller anatushauri kwenye redio: kumbe Miller ameshauawa, na sauti ile ni ya Liquid. Tukaandika kwamba kadi tatu za siri zinazima silaha ya nyuklia: kumbe ni kadi moja tu, na inaiwasha. Liquid analia gemu nzima kwamba yeye ndiye aliyepewa mabaki ya damu ya baba yao. Halafu majina ya watengenezaji yakishapita, Ocelot, mmoja wa waasi, anasikika kwenye simu akimweleza mtu kwamba mambo yalikuwa kinyume. Ukurasa wa 2005 ulijaa mistari iliyokatwa mpaka hausomeki.

Hapo ndipo tulipoelewa hadithi hii imejengwaje. Mfululizo huu haukupi matukio. Unakupa watu wanaosema kuhusu matukio, na karibu kila mmoja ana sababu ya kudanganya au amedanganywa na mwingine. Tukanunua kaunta nyingine (shilingi 3,000), tukachora safu tatu: *nani kasema, kamwambia nani, baadaye ikawaje.* Safu ya tatu inabaki tupu mpaka gemu nyingine iijaze. Mwaka tunauandika kwa penseli pembeni.

Ukitaka kuchukua kitu kimoja tu kwenye shajara hii, chukua safu hizo tatu. Ratiba za matukio unazozikuta mtandaoni zinakupa jibu la mwisho bila kukuonyesha uongo uliolitangulia, na utamu wote wa Metal Gear uko kwenye uongo huo. Ndiyo sababu pia mpangilio wa miaka ya hadithi haufai. Ungekutana na Miller wa redioni bila kuwahi kuwa mwanafunzi wake Zanzibar Land, na ulipokuwa ushtuke usingeshtuka.

19 Mei 2024: Metal Gear Solid 2: Sons of Liberty (2001)

Watu wengi huiachia hadithi njiani hapa. Unacheza na Snake kwenye meli kwa muda mfupi, 2007, kisha miaka miwili inaruka na unapewa kijana mgeni, Raiden, kwenye jukwaa la Big Shell karibu na New York. Mdogo wangu alikasirika kweli, akaiacha gemu wiki nzima.

Kilichomrudisha ni daftari. Nilimwonyesha kwamba safu za Raiden zinafanana na za Snake wa Shadow Moses mstari kwa mstari: magaidi, mateka, ninja, kiongozi anayejiita Snake. Akasema, "Basi kuna mtu kaipanga." Ndivyo ilivyo, na mpangaji anaitwa Patriots, watawala wa siri wa Marekani.

Karibu na mwisho kuna mahali ambapo tahadhari inahitajika. Kanali wa redioni anaanza kubwabwaja maneno yasiyo na kichwa wala miguu, anakuambia uzime gemu. Muda mfupi baadaye, katikati ya mapigano, kioo kinaonyesha ukurasa wa kushindwa, uleule uliouona kila ulipokufa. Mdogo wangu akaweka pedi mezani. Mapigano yalikuwa yanaendelea ndani ya kadirisha kadogo pembeni, na Raiden akauawa kweli. Mara ya pili tulitazama vizuri: herufi za kwanza za maneno mawili ya ukurasa ule zimebadilishana nafasi. Usiachie pedi. Endelea kupigana ukitazama kadirisha.

Mazungumzo yanayofuata tuliyarudia, manukuu yakiwa wazi na mkono kwenye kitufe cha kusimamisha. Mashine ya akili mnemba inamweleza Raiden kwamba dunia ya kidijitali inahifadhi kila takataka, kila uvumi, na hakuna kinachochujwa, kwa hiyo wao watachuja kwa niaba ya watu. Hii ni 2001. Naiheshimu gemu hii kuliko zote kwa sababu ya dakika zile, hata kama nusu ya maelezo yake mengine yanachosha.

Safu zilizobaki tupu: Patriots ni nani (orodha iliyopatikana ina majina 12 ya watu waliokufa kama miaka 100 iliyopita), na je, ni kweli mkono wa Liquid uliopandikizwa kwa Ocelot unamtawala?

30 Juni 2024: Metal Gear Solid 3: Snake Eater (2004)

Tunarudi 1964, msituni Umoja wa Kisovyeti. Unacheza na kijana aitwaye Naked Snake, ambaye baada ya misheni hii atapewa jina la Big Boss. Mwalimu wake, The Boss, ameasi na kuhamia upande wa pili, na yeye ametumwa kumuua.

Kwa mtu anayeanzia hapa ni gemu nzuri ya kijasusi. Kwa sisi tulioua Big Boss mara mbili ilikuwa nzito. Kila alichokuwa mpole nacho tulijua atakuja kukigeuza.

Tulikwama mara mbili. Mlenga shabaha mzee, The End, alituchosha msituni mpaka tukahifadhi na kuzima. Gemu inatazama saa ya mashine: ukirudi baada ya wiki, au ukisogeza tarehe mbele wiki moja, unakuta amekufa kwa uzee. Tulichagua kupigana naye kwa haki, na sijutii.

Pa pili ni mto wa The Sorrow. Unatembea ndani ya maji huku kila uliyemuua tangu mwanzo akikujia mbele. Tulikuwa tumeua wengi, mto ukawa mrefu. Ukifika mwisho unakufa, na ukurasa wa kifo unakuja. Tukaanza upya. Tukafa tena. Suluhisho: kwenye ukurasa huo wa kifo, fungua vifaa na meza dawa ya kufufukia uliyopewa mwanzoni. Kifo pale ni sehemu ya njia.

Mapigano ya mwisho yana dakika 10, kwenye uwanja wa maua meupe. Ukishashinda, sinema inasimama, na The Boss amelala mbele yako. Hakuna kinachotokea. Gemu inasubiri wewe ubonyeze kitufe cha bunduki. Mdogo wangu alinipa pedi, mimi nikamrudishia.

Kisha kanda ya EVA, jasusi aliyemsaidia Snake, inaeleza kwamba The Boss hakuasi kamwe. Alitumwa na serikali yake, na kombora la nyuklia ambalo Volgin, kanali wa Kisovyeti, alilirusha bila kutarajiwa ndilo lililolazimisha afe akiitwa msaliti. Safu ya tatu ilijaa ukurasa mzima kwa usiku mmoja.

25 Agosti 2024: Metal Gear Solid 4 (2008)

PS3 iliyotumika na pedi mbili: shilingi 280,000. Ilisoma kila diski isipokuwa hii, ambayo ni Blu-ray ya tabaka mbili. Fundi alisafisha lenzi, ikasoma siku moja ikagoma. Akaibadilisha: 40,000. Ukinunua mashine iliyotumika, nenda na diski ya gemu hii hii ya kujaribia.

Muuzaji wa diski alikuwa pia na Legacy Collection ya 2013 ya PS3, shilingi 60,000. Ina kila gemu tuliyoiandika hapa hadi sasa (ile ya 1998 huja kwa msimbo wa kupakua), pamoja na hii ya 4 na Peace Walker. Kwa anayeanza leo bila kompyuta nzuri, PS3 na Legacy Collection ndiyo njia ya bei nafuu kuliko yetu. Tumeichukua kwa ajili ya Peace Walker.

Hadithi: 2014, Snake amezeeka kabla ya umri, vita ni biashara inayoendeshwa na akili mnemba. Safu tupu za Patriots zinajazwa: waanzilishi ni wale wale tuliowasikia redioni 1964, pamoja na Big Boss, EVA na Ocelot. Mkono wa Liquid nao ulikuwa uongo ambao Ocelot alijidanganya nao mwenyewe.

Sura ya nne inaanza kwa Snake kuota, na ndoto yenyewe ni uwanja wa helikopta wa Shadow Moses kwa picha zile zile za 1998. Unaucheza. Halafu anaamka, na unafika pale pale kukiwa magofu. Tuliucheza uwanja huo mwezi wa nne tu, na bado koo lilinikaba. Tengeni muda kwa mwisho: sinema zake zinazidi saa nzima, kwa hiyo hakikisheni mna umeme wa kutosha kwenye mita.

29 Septemba 2024: Peace Walker (2010)

1974, Kosta Rika. Big Boss na Kazuhira Miller wanajenga jeshi lisilo na nchi. Naifupisha, isipokuwa jambo moja: majina ya watengenezaji yakipita baada ya sura ya nne, gemu haijaisha. Sura ya tano inakulazimisha kumsaka mfungwa anayetoroka tena na tena na kujenga kifaru chako mwenyewe. Inachosha, lakini ukweli kuhusu Paz, msichana anayeishi kambini mwao, upo huko tu, na Ground Zeroes inaanzia hapo hapo.

Portable Ops ya 2006 tumeiruka, tukasoma muhtasari wake. Gemu za baadaye haziitegemei.

24 Novemba 2024: The Phantom Pain (2015)

Safari hii jitu linalowaka moto tulilitambua: Volgin wa 1964. Mtoto wa barakoa ni Psycho Mantis.

Sehemu kubwa ya hadithi iko kwenye kanda za kaseti. Zile za rangi ya njano ni za lazima, zisikilize kila ukirudi kituoni. Kwenye sura ya pili, misheni zilizoongezewa ugumu ni marudio ya zamani na unaweza kuzipita.

Tulichelewa kwenye ugonjwa unaolipuka kambini. Wapiganaji wetu tuliowakusanya Afghanistan na mpakani mwa Angola na Zaire walianza kufa kila baada ya muda mfupi, na gemu haisemi kwa nini. Tulitenga watu kwa idara, kisha kwa mahali walikotoka, na vifo vikaendelea. Jibu liko kwenye orodha ya lugha za kila mpiganaji: wanaokufa ni wanaozungumza Kikongo. Kuna vimelea kooni vinavyoamshwa na lugha, na Skull Face, adui mkuu wa gemu hii, amevijaribu kwa watu hao kabla ya kuvielekeza kwenye Kiingereza. Tenga wasemaji wote wa Kikongo, vifo vinakoma. Nilikaa na orodha ile mbele yangu, nikihamisha watu mmoja mmoja kwa kosa la lugha ya mama zao. Hakuna gemu nyingine iliyowahi kunifanyisha kazi ya aina hiyo.

Misheni ya 46 inairudia hospitali ya Kupro, na sasa inaonekana kwamba mtu uliyecheza naye muda wote si Big Boss. Ni tabibu wa helikopta, aliyebadilishwa uso na kumbukumbu. Mwishoni anageuza kanda iliyoandikwa jina la misheni ya 1995 na kuiweka kwenye mashine ya MSX. Mdogo wangu alishafungua daftari kabla sijasema. Aliyekufa Outer Heaven alikuwa huyu, na alama ya kuuliza ya mwezi wa tatu ikafutwa.

Misheni ya 51, ambayo ingemaliza kisa cha kijana Eli, haikukamilishwa. Ipo kama video kwenye diski ya toleo la wakusanyaji, na inafaa kutazamwa baada ya 46. Kojima aliondoka Konami mwaka huo huo wa 2015. Kilichobaki ni Metal Gear Rising ya 2013, hadithi ya Raiden inayotokea 2018. Aliyemaliza gemu ya 4 anaweza kuicheza siku yoyote, na sisi tutaianza mdogo wangu akimaliza mitihani.